Kibao cha Yamabiko

Ilikuwa mwaka ule wa bukari, ugali wetu, ya manjano. Mahindi meupe yalikosekana, unga ukawa unatoka mbali kwa treni, na ukiusonga unapata bukari yenye rangi ya yai na harufu ya gunia. Tuliila na samaki mkavu wa Pweto, mgumu kama soli ya kiatu, na samaki akiisha tuliila na mboga ya lengalenga. Lubumbashi nzima ilinung'unika. Mimi niliitazama sufuria yangu nikasema: rangi hii ingekaa vizuri kwenye kibao.

Ndivyo tulivyo, sisi wapaka vibao. Hata njaa tunaitazama kwanza rangi yake.

Ninyi vijana mnaochora kwa kidole juu ya kioo cha simu, mkikosea mnafuta, hata jasho halitoki. Vizuri. Sina wivu. Lakini mnapokuja kwangu na kusema, "Kambo, bibi yetu, tupe siri ya kazi," mnanichekesha. Kazi haina siri, ina mgongo unaouma. Kaeni basi, niwaambie jinsi tulivyoupa mchezo wa muziki jina la Kijapani na uso wa kuendana nalo, pale mtaani kwetu Katuba, kabla ya ninyi kuzaliwa na kabla ya mama zenu kuota matiti. Mtaokota wenyewe la kuokota.

Mimi shule niliacha mapema. Kusoma ninasoma, lakini polepole, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Aliyenifundisha herufi ni Papa Tshibangu, mzee wa Kasai aliyekuwa na karakana ya vibao karibu na soko. Alivaa tai hata akiwa amelowa petroli. Alinifundisha herufi kama watu: hii ina tumbo, hii imenyoosha mkono, hii miguu yake lazima ifike chini, la sivyo itaanguka. "Ngoie," alikuwa akiniambia, "kibao kinasomwa na muntu mwenye njaa na haraka. Usimusumbue." Baada ya kupaka, alinivusha barabara, akaniambia nifumbe macho nusu. Kama bado unaona kitu, kibao kimeiva. Kama unaona uji, rudi ukapake.

Alinifundisha kupiga mstari kwa uzi uliopakwa chaki. Alinifundisha kwamba nyekundu ndiyo hufa ya kwanza kwenye jua, kwa hiyo uipe mguu wa kahawia chini yake. Unyoya wa kuku kwa mistari myembamba nilijivumbulia mwenyewe, na alipouona alitukana kwa Kifaransa, kisha kesho yake nikamkuta anafukuza kuku.

Makosa? Nilikosea mpaka watu wakalipenda kosa. Kuna mwuza nyama alinipa ng'ombe nimchore. Ng'ombe wangu alitoka na uso wa mama mkwe wake, kabisa, mpaka lile tezi la shingoni. Sikukusudia! Watu walikuja kucheka, wakishacheka wanaona aibu kuondoka mikono mitupu, wananunua. Mama mkwe peke yake ndiye aliyehama bucha.

Sasa, mchezo.

Mdogo wa mume wangu, shemeki yangu Ilunga, alikuwa fundi umeme katika karakana za kampani ya shaba. Mwaka mmoja nyuma aliitwa Bernard, lakini majina ya Kizungu yalikuwa yamepigwa marufuku, akajikuta Ilunga kama babu yake wa Mitwaba, na akapendeza zaidi. Ilunga alikuwa na mikono ambayo haikujua kukaa. Vipande vya shaba vilivyotupwa alivinunua kwenye vyuma chakavu, akavikata virefu kwa vifupi, akavipanga juu ya meza kubwa kama kitanda. Kila kipande ukikipiga kilikuwa na sauti yake. Mbele ya kila kipande aliweka taa ndogo. Chini ya meza kulikuwa na pipa linalozungushwa na mota ya feni, lina misumari iliyopangwa, na msumari ukigusa waya, taa inawaka.

Mchezo ulikuwa hivi: taa ikiwaka, unapiga shaba yake kwa kijiti chenye mpira wa tairi kichwani. Ukifuata taa bila kukosa, unajisikia unapiga wimbo mzima, wewe ambaye hujawahi kushika hata ngoma. Ukichelewa, kengele ya baiskeli inakulilia kwa kelele na watu wanakucheka. Ukifika mwisho, unapewa kikombe cha munkoyo baridi. Jirani yangu Mama Chola, mwanamke wa Kasenga mwenye mabega ya mvuvi, alicheza siku ya kwanza akapiga shaba moja mpaka ikaruka ukutani.

"Imenitukana!" alisema, akionyesha kengele. "Mashini imenitukana miye, mama ya batoto!"

"Umechelewa, Mama Chola."

"Miye sichelewake. Yeye njo alikimbia."

Ilunga alitaka kuupeleka mchezo kwenye foire, yale maonyesho makubwa ya mji. Lakini alikuwa na hofu moja iliyomkosesha raha. Wakati ule kila kitu kizuri kilitoka Japani. Redio ya Japani, pikipiki ya Japani, saa ya Japani. Na kule mgodini karibu na mpaka, Wajapani wenyewe walikuwa wamekuja kufanya kazi. Ilunga aliwaza: nani atatoa pesa yake acheze kitu kilichotengenezwa Katuba nyuma ya choo cha shemeki yake?

"Nipe jina ya Kijapani," aliniambia. "Na uipake sura ya Kijapani. Bantu batakuja."

Alikuja na majina. Yote yalikuwa ya redio na pikipiki za watu. Nikamwambia jina la mtu mwingine si la kuokota kama kuku aliyepotea, mwenyewe atakuja kumtafuta. Jina unamwomba mwenye lugha.

Na mwenye lugha tulikuwa naye. Kulikuwa na injinia mmoja wa Kijapani, Tanabe, mwembamba, mwenye miwani mizito, ambaye Jumamosi alikuja mjini kununua mboga. Niliwahi kumpakia kibao cha bustani yao. Kiswahili chake alikipata kwa mpishi, kwa hiyo alijua vizuri sana majina ya vyakula na matusi, mengine kidogo. Tukampeleka uani, tukamwonyesha mashini. Alivua koti. Alicheza, akachelewa, kengele ikamlilia. Akacheza tena. Mpishi wake alimaliza soko lote akarudi akamkuta bado anacheza.

Alipotosheka, Ilunga akamwambia tunataka jina.

"Inafanya nini?" Tanabe akauliza.

Ilunga akaanza habari za waya na mota. Nikamkata. "Inaita, unajibu. Njo ile tu. Inaita, unajibu."

Tanabe akageukia ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba, ule mnaoujua, na chemine ndefu ya kutolea moshi kando yake, unaoonekana kutoka kila ua wa mji huu. Akaweka mikono mdomoni akapaza sauti: "Oooi!" Halafu akatega sikio. Na sisi tukatega. Ilunga, Mama Chola, mimi, wote tumeinamisha vichwa kama kuku anayesikia mwewe. Kilichojibu ni mbwa wa jirani.

Tulicheka mpaka Mama Chola akakaa chini. Tanabe naye akacheka, akatueleza kwa mikono zaidi kuliko mdomo: kwao milima ni mingi, ukiuita mlima, mlima unakujibu kwa sauti yako mwenyewe. Jibu hilo lina jina. Yamabiko.

"Yamabiko?" Mama Chola akaruka. "Ile jina iko ya kwetu Kasenga! Hata mulio yake iko ya kule!"

"Mama Chola, ni ya Kijapani."

"Basi Bajapani banatoka Kasenga. Batujue."

Jina likakaa pale pale, kama mtoto aliyepata ziwa la mama. Mnaona? Sikuchagua jina kwa sababu linatisha au linang'aa. Nilichagua kwa sababu lilikuwa tayari linafanya kazi ya mashini. Na lilikuwa rahisi mdomoni. Jina ambalo mwuza nyanya hawezi kulipigia kelele kutoka ng'ambo ya soko, achaneni nalo.

Tanabe aliandika jina kwenye karatasi nyembamba, kwa herufi za kwao. Ziko nne. Nilizitazama kama Papa Tshibangu alivyonifundisha kuwatazama watu. Ya kwanza ilikuwa pembe ya mbuzi iliyopitiwa na fimbo. Ya pili, mlingoti wenye mikono miwili na kitanzi mguuni. Ya tatu, tumbo tu, chungu kitupu chenye matone mawili begani. Ya nne, midomo miwili isiyogusana. Nilizipenda. Kwa mara ya kwanza mimi na wasomi wote wa Lubumbashi tulikuwa sawa: hakuna aliyejua kuzisoma.

Nilikuwa na ubao mmoja mrefu, mlango wa zamani wa Ilunga uliopasuliwa katikati, nusu mbili zikaungwa kwa urefu. Nikachanganya njano, naongeza nyeupe, naongeza kahawia kidogo kwa kidole, mpaka nikapata bukari ile ile ya mwaka ule. Majirani wote walipopita walisema, "Eh, mama, unatupakia njaa!" Nikawaambia njaa ukiibandika ukutani inakoma kukufuata.

Kisha herufi. Nikalaza ubao, kama tunavyolaza vibao vyote. Nikalaza karatasi kando yake. Karatasi ilikuwa ndefu, ubao ulikuwa mrefu, vikaendana kama kaka na dada. Nikapiga uzi wa chaki, nikahamisha kila herufi kama nilivyoiona, nyekundu ya shaba, mgongo mnene na mkia mwembamba kwa unyoya wa kuku. Nikazipa miguu, maana herufi yangu haitembei peku. Nikazipa kivuli cheusi chini, kivuli cha Papa Tshibangu, kile kinachoifanya herufi iruke kutoka ubaoni. Mzee mwenyewe alikuja, akarekebisha tai yake, akasema: "Ngoie, sielewi kintu, lakini inaonekana ya bei kali." Hiyo kwake ilikuwa medali.

Jumamosi Tanabe akaja. Akasimama mbele ya ubao. Akainamisha kichwa begani. Akakiinamisha zaidi. Akafika mahali sikio linagusa bega, kama mtu anayelala kwenye treni. Nikadhani anasali.

"Mama," alisema taratibu, kwa heshima kubwa. "Muzuri sana. Lakini... imelala."

"Nani amelala?"

"Jina. Jina yote imelala."

Kumbe kwao huandika kutoka juu kushuka chini, na ile karatasi aliiandika hivyo. Nami niliilaza karatasi kwa sababu kibao kwetu kinalala, hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kibao kinaweza kusimama! Herufi zangu zote nne zilikuwa chali, na viatu nilivyozivalisha, na vivuli chini ya mbavu. Tanabe alijizuia, akajizuia, kisha kicheko kikamshinda mpaka miwani ikaanguka. Mama Chola akaingia kumsaidia kucheka bila kujua kwa nini.

Ilunga hakucheka. "Imekwisha. Foire iko Jumamosi ijayo na rangi imebakia kidogo tu. Tutaenda na jina yenye kulala?"

Tanabe akafuta miwani. Akaushika ubao upande mmoja, akanionyesha nishike mwingine, tukausimamisha ukutani. Wima. Wajukuu wangu, ningependa mngekuwepo. Jina lilisimama. Lilipanda juu ya ukuta, likapita paa, kama moshi unavyopanda kutoka kwenye chemine. Na vivuli vilivyokuwa chini vikawa ubavuni, kana kwamba jua la saa kumi linazipiga herufi kutoka pembeni. Papa Tshibangu, aliyekuja kwa kusikia kicheko, akavuka barabara mwenyewe, akafumba macho nusu, akabaki kule muda mrefu. Aliporudi alisema neno moja tu: "Inaita."

Sikugusa herufi tena. Mahali palipobaki chini, nilichora mlima wetu mweusi. Ilunga alitaka niweke theluji kileleni kama kwenye kalenda aliyoona kwa bosi wake. Nikamuuliza: "Umeisha kuona theluji, shemeki?" Hapana. "Na miye hapana. Basi mulima ibaki nyeusi." Jina likawa linatoka kwenye mlima wa Lubumbashi na kupanda mbinguni kwa Kijapani. Kwenye ubavu wa meza nikaandika YAMABIKO kwa herufi zetu, kwa wenye haraka na njaa.

Chini kabisa ya ubao, chini ya mlima, palibaki ukanda mtupu wa njano. Hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa.

"Pale," Ilunga alisema, "uandike: imetengenezwa Japani."

Nikaweka burashi chini. "Nani aliitengeneza?"

"Shemeki, unajua."

"Najua. Nataka niisikie."

"Ni miye. Lakini wale ba kamati ya foire, bintu bya inje banabiweka mbele, karibu na jukwaa. Bintu byetu banabipeleka nyuma kwa mbuzi. Neno moja tu! Nani atakuja kuuliza?"

Nikamtazama mikono yake. Ilikuwa na makovu ya shaba, kidole kimoja kilichobanwa na pipa bado kilikuwa cheusi. Nikamwambia: "Hapana. Jina naazima, mikono siazimi."

Alikasirika. Alisema nina roho ngumu kuliko samaki wa Pweto. Alisema atatafuta mchora vibao mwingine. Nikamwambia mlango uko wazi, ule mwingine uko kwenye kibao. Hakuenda, maana hakuna aliyejua zile herufi. Lakini hakunisalimia wiki nzima, na chakula changu aliendelea kula. Mkitaka kupima hasira ya mwanamume, angalieni sahani.

Kwenye foire tukapokelewa na mtu wa kamati, citoyen Mwepu, maana wakati ule sote tuliitana raia, suti yake ya abakosti imenyooshwa mpaka inakata. Aliangalia kibao, akaangalia juu, akaendelea kuangalia juu.

"Jina ya Kizungu?" akauliza kwa ukali.

"Hapana, citoyen. Yamabiko."

"Yamabiko. Ah. Ya kwetu." Akaridhika. "Mashini inatoka wapi?"

Ilunga akanitazama. Mimi nikatazama mbuzi. "Katuba," Ilunga akasema, kwa sauti ya mtu anayemeza mfupa.

"Nyuma," akasema citoyen Mwepu.

Wakatuweka kule nyuma, kati ya zizi la mbuzi na mama mmoja anayeuza binkubala, wale viwavi wa kukaanga. Ilunga alikaa juu ya sanduku, mgongo kwangu. Mbele, karibu na jukwaa, kulikuwa na cherehani, friji, redio, watu wamejaa. Kwetu walikuja mbuzi.

Lakini vibao vyote vya foire ile vilikuwa vimelala. Changu peke yake kilisimama. Kilipita paa la zizi, kilipita turubai, na nyekundu yake juu ya njano ilionekana kutoka langoni. Watoto wakaja kwanza. Kisha vijana wakaja kujionyesha kwa wasichana wao. Kisha wasichana wakawashinda, na hapo ndipo kelele zilipoanza. Mama wa binkubala alimaliza beseni lake akatubariki. Mama Chola alicheza, kengele ikamlilia, akaitukana kwa Kibemba, watu wakaomba arudie. Shaba zililia mpaka mbuzi wakazoea na kulala.

Alasiri Tanabe akaja na wenzake. Wakapanga mstari kama watu wote. Citoyen Mwepu aliposikia kelele akaja mbio, akawaona Wajapani wanapiga shaba na kucheka, uso wake ukafunguka.

"Ah! Kumbe ni ya kwenu!" akamwambia Tanabe. "Mashini ya Japani!"

Tanabe akakiweka kijiti chini. Akatikisa kichwa. "Kwetu, hii hapana. Sijaona. Jina tu ya kwetu." Akageuka, akawatazama watu wote. "Nani alitengeneza?"

Jibu hilo halikuwa langu kulitoa. Nilimwona Ilunga anatazama viatu vyake, kisha anamtazama mama wa binkubala, kisha mbuzi. Halafu akanyanyua mkono juu, ule wenye kidole cheusi.

"Miye," alisema. "Miye Ilunga wa Katuba. Njo nimeitengeneza."

Watu wakapiga mayowe! Mama Chola akamwinua kama gunia la unga. Aliposhushwa, alikuja moja kwa moja kwangu, wiki ya kutosalimiana imekwisha, akasema, "Rangi iko?" Nilikuwa na mabaki ya nyekundu ya shaba kwenye kopo. Akatumbukiza kiganja chake chote, akakibandika chini ya mlima, kwenye ule ukanda mtupu. Vidole vitano, na kovu lake linaonekana. Tangu siku hiyo mashini ile ilizunguka mpaka Kasenga na Pweto na mkono ule mbele, na mpaka taa zilipokufa watu waliiita "ile ya mkono". Sijawahi kuchora alama nzuri kuliko ile, na sikuichora mimi.

Lakini rangi ilikuwa bado haijakauka citoyen Mwepu aliponivuta kando. Wakubwa watapita jioni, alisema kwa sauti ya chini. Ataihamisha mashini mbele kabisa, chini ya jukwaa, mahali pa friji. Kuna kitu kidogo tu. Mkono ule unachafua. Niufute kabla haujakauka, niandike pale, imetengenezwa Japani. Dakika mbili, citoyenne. Mahali pa friji!

"Muulize mwenye mashini," nikamwambia.

Akamuuliza Ilunga. Ilunga alikuwa anafuta kiganja kwenye suruali yake mpya, anaiharibu bila kujali. Akacheka, meno yote nje.

"Miye nilitengeneza tu, citoyen," alisema. "Uulize mwenye burashi. Lakini miye jibu yake niko nayo toka wiki jana."

Watu wakasogea kusikia. Hata wale mbuzi, naapa, waliinua vichwa. Nikachovya burashi, nikaifuta kwenye ukingo wa kopo, nikaiweka sikioni kama seremala anavyoweka penseli, nikamwambia citoyen Mwepu:

"Hapana. Jina naazima, mikono siazimi."